Vitalis Namkopa, Viatu vya Mguu Mmoja na Waridi la Severa

Jambo la kwanza nililoliona kwa Mjomba Vitalis ni kwamba viatu vyake havikufanana. Ilikuwa Januari 2014, stendi ya mabasi ya Ubungo, nilipofika kutoka Masasi kuja kuanza kidato cha kwanza. Mguu wa kulia alivaa kiatu cheusi cha kuchomeka, na wa kushoto cha kahawia chenye kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mjomba." Akaitikia, "Marahaba," lakini macho yake yalikuwa kwenye ndala zangu.

"Thelathini na saba," akasema. "Na mguu wako wa kushoto umeuzidi wa kulia kidogo."

Alikuwa amepatia. Nikajikaza nikamwuliza mbona yeye amevaa vile. Akavitazama viatu vyake kama mtu anayetambulisha wageni. "Hiki kilifiwa na mwenzake, na hiki nacho kilifiwa na mwenzake. Mimi nimevifungisha ndoa tu."

Ndugu waombolezaji, huyo ndiye tunayemzika leo, Alhamisi tarehe 5 Desemba 2024, katika makaburi haya ya Kinondoni. Familia imeniomba mimi mpwa wake niandike na kusoma maisha yake. Nimejitahidi kuhakiki kila tarehe.

Marehemu Vitalis Marcelino Namkopa alizaliwa tarehe 28 Aprili 1960 katika kijiji cha Chiwale, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Marcelino Namkopa na Mama Filomena, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Jina la Vitalis alipewa kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye kalenda ya watakatifu siku hiyo. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba angechelewa siku moja tu angeitwa jina lingine na pengine angekuwa mtu mwingine.

Alisoma Shule ya Msingi Chiwale kuanzia mwaka 1968 hadi 1974 alipohitimu darasa la saba. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Vyeti vyake alivitunza ndani ya boksi la viatu, na mwaka jana nilipohitimu chuo kikuu alikitia na cheti changu humo, akaniambia boksi sasa limetimia. Nilikitoa nilipohitaji kuombea kazi. Kazi sijapata, na cheti nimekirudisha boksini.

Alifika Dar es Salaam mwaka 1979 na kufikia kwa baba yake mdogo aliyeishi Ilala. Kuanzia mwaka 1981 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha viatu, idara ya kushona soli, akafanya kazi hapo miaka kumi na moja hadi wafanyakazi walipopunguzwa mwaka 1992. Alitoka na kisu cha kukatia ngozi, sindano mbili na bunda la uzi. Mwaka uliofuata alianza kuuza viatu vya mitumba katika soko la Mchikichini, akadumu na biashara hiyo miaka thelathini na mmoja. Wateja wake wanajua kwamba hakuwahi kumwuliza mtu namba ya kiatu.

Tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa takatifu na Severa Kalisti katika kanisa la Msimbazi. Walipanga vyumba viwili katika nyumba ya Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo, na hawakuwahi kuhama. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Victoria, aliyezaliwa mwaka 1993. Mama Vicky alikaanga vitumbua barazani kila asubuhi. Mwaka 2006 mteja wake mmoja aliyekuwa anahama mji alimwachia mche mdogo ndani ya kopo la maziwa. Ulikuwa mche wa waridi la jangwani, ule mmea wenye shina lililovimba chini kama chupa, unaohifadhi maji yake mwenyewe na kutoa maua ya rangi ya waridi iliyokolea pembeni.

Mjomba aliucheka. "Mti gani huu una kitambi kuliko mwenye nyumba?"

Shangazi Severa akamjibu, "Mwenye nyumba hatoi maua, Baba Vicky. Uache."

Aliuacha. Kwa miaka tisa hakuwahi kuugusa. Mama Vicky alifariki tarehe 3 Juni 2015 kwa ugonjwa wa moyo, na juma lile baada ya mazishi ndipo Mjomba alipoanza kulimwagilia maji waridi lake. Alimwagilia asubuhi, mchana na jioni. Hatukumzuia, kwa kuwa ndiyo kazi pekee iliyokuwa ikimwinua kitini. Siku ya kumi majani yote yalikuwa yamedondoka. Akaubeba mmea kwa mikono miwili hadi kwa Anuari, muuza maua anayepanga miche yake kando ya barabara kule Ilala.

Anuari alipolibonyeza shina alimtazama. "Mzee, unalimwagilia maji mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kwa mwezi?"

"Kwa siku."

"Mzee wangu, hili unaliua kwa mapenzi. Likaushe, uliweke juani, ulisahau."

Mjomba alisema hayo mawili ya mwanzo aliyaweza. Waridi lilipona, na bustani yake ilianzia hapo, maana kila alipokwenda kuuliza jambo kwa Anuari alirudi na kipande cha mmea mwingine wa majani manene. Vyungu hakuwa navyo, lakini viatu vya mguu mmoja alikuwa navyo vingi. Kila belo la mitumba huja na viatu visivyo na wenzao, na wafanyabiashara huvitupa. Yeye alivitoboa soli ili maji yasituame, akatia mchanga na kokoto, akapanda. Hadi mwaka 2019 uani kwetu palikuwa na viatu arobaini na tatu vilivyochanua: buti zenye vishada vyekundu na vya njano, raba zenye mmea wa taji la miiba, na kiatu kimoja cha bibi harusi chenye mshubiri, ule ambao wengi wetu tunauita aloevera.

Mtanivumilia nisimulie kisa kimoja. Mwaka huohuo wa 2019 alifungua belo akakuta buti la kulia, namba arobaini na nne, la ngozi ya kahawia. Akalitambua papo hapo. Mwenzake wa kushoto alikuwa nyumbani miaka mitatu, amepandwa ua. Mlinzi mmoja aitwaye Beno alilipenda buti lile, kwani alikuwa anaoa Jumamosi. Mjomba akampeleka hadi uani kumwonesha la pili, wakakuta ua limechanua.

"Nisubiri wiki tatu maua yaanguke," Mjomba akamwambia. "Likiwa limechanua siling'oi."

"Mzee, mimi naoa Jumamosi. Hilo ua lako linaoa lini?"

"Lenyewe limeshaoa. Ndiyo maana halitaki kutoka."

Beno aliolea ndala za kuazima, jambo ambalo mkewe hajalisamehe. Wiki tatu baadaye alikuja akachukua buti zake zote mbili. Ni huyu hapa, miongoni mwa waliobeba jeneza leo, na amezivaa.

Mwaka huo pia ndio lilipoanza kujengwa ghorofa katika kiwanja cha jirani. Mjomba alichora mstari wa chaki kwenye ukuta wa uani kuonesha jua linapofika saa tatu asubuhi. Kila sakafu ya ghorofa ilipoongezeka alichora mstari mwingine juu zaidi. Iko mistari kumi. Wa mwisho uko chini ya bati, na juu yake hakuna ukuta tena wa kuchora. Mwaka 2021 hakuna kiatu hata kimoja kilichochanua.

Jua lililobaki ni lile linaloingia barazani kati ya maghorofa mawili, kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi. Mjomba akaanza kuvitoa viatu vyote nje kila siku kabla ya kwenda sokoni, na mpangaji mwenzake, Mama Mwanne, akavirudisha ndani.

"Baba Vicky, wanao hawa watanivunja mgongo," alikuwa akilalamika.

"Mama Mwanne, hawali ugali wako hao. Wanataka jua tu."

"Jua lenyewe siku hizi lina foleni!"

Kwa njia hiyo waridi la Shangazi Severa lilirudi kutoa maua mawili, matatu kwa mwaka. Mimea mingine mingi ilikufa kimyakimya. Mwezi Februari mwaka huu vilikuwa vimebaki viatu kumi na sita.

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2018. Alifuata dawa vizuri, lakini miguu ilipoteza hisia taratibu, na kwa mtu aliyeijua miguu ya watu wote, ya kwake ilimficha. Tarehe 3 Machi mwaka huu, akiwa peku barazani, alikanyaga mwiba wa taji la miiba. Hakuusikia. Siku ya nne niliona doa la damu sakafuni nikaufuata unyayo wake. Mwiba tuliutoa, na kidonda akakitibu kwa shubiri yake mwenyewe, akiamini kwamba kitu alichokilea kwa mkono wake hakiwezi kumdhuru. Jani nilikata mimi, kila asubuhi, kwa siku kumi na moja. Nimesoma hadi chuo kikuu, na nilikata jani kwa siku kumi na moja.

Alipofikishwa hospitalini tarehe 18 Machi, mguu wa kushoto ulikuwa umeshaharibika. Daktari aliposema ukatwe chini ya goti, sisi ndugu tulikataa, tukalia, tukaomba siku mbili za kufikiri. Mjomba alitunyamazisha. "Mmea ukioza chini, hukati palipooza. Unakata juu yake, mpaka uone pasafi. Dokta, kata mpaka pasafi. Hawa hawajawahi kupanda kitu." Alikatwa tarehe 2 Aprili, baada ya maambukizi kutulizwa. Lakini siku kumi na tano za mwanzo zilikuwa zimeshapita, na hizo hakuna aliyeweza kuzirudisha.

Ilikuwa masika kubwa, kama mnavyokumbuka. Barabara ya bonde la Jangwani ilifungwa kwa maji, na kufika hospitalini kulitumaliza. Bomba la maji ya mvua la ghorofa la jirani linamwaga uani kwetu. Waridi lilikaa chini ya bomba lile mwezi mzima, na kwa macho yetu lilikuwa limenawiri, majani yanang'aa. Tulimpelekea habari hiyo kama zawadi. Mama Mwanne alimwambia, "Baba Vicky, ua la mwenzio halijawahi kupendeza hivi. Linakunywa tu!" Akauliza ni lini ataruhusiwa kurudi nyumbani.

Aliporudi nyumbani tarehe 20 Aprili alisukumwa na kiti hadi uani kabla hajaingia chumbani. Akalibonyeza shina kwa kidole gumba, na kidole kikazama. Akaomba kisu chake cha kukatia ngozi. Alikata, akatazama, akakata tena juu yake, akakata tena. Kilichobaki ni kipande cha urefu wa kiganja na matawi mawili. Alikipaka jivu, akakitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo siku kumi na sita kikauke. Kisha akaniomba nimletee kiatu chake cha kahawia chenye kamba, kile cha mguu wa kushoto.

"Hiki nacho kimefiwa," akasema. Akakitoboa soli, akapanda.

Tangu siku hiyo hakutaka maua tena, alitaka mbegu. Alisema shina lililokwisha kuonja kuoza halidumu, na kwamba hakuna kitu kingine cha Severa kilicho hai katika mji huu. Victoria alimpigia simu mara kwa mara kutoka Lindi anakoishi.

"Baba, njoo huku. Uwanja ninao, na jua la huku halina mwenyewe."

"Nikija nitakuja na mama yako."

"Si ubebe hilo ua tu, Baba, upande basi?"

"Barabarani litatikisika, lidondoshe kila kitu. Nakuja na mbegu. Wewe andaa mchanga."

Mwezi Septemba yalichanua maua matatu. Kwa kuwa nyuki hawafiki tena Mtaa wa Mahiwa, Anuari alikuja akamfundisha kazi ya nyuki. Jumamosi tarehe 14 Septemba, kwa unywele mmoja wa brashi ya viatu, Mjomba alihamisha unga wa ua moja hadi jingine, mkono wake umetulia kama wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Maua mawili yalianguka bure. La tatu likaacha mapembe mawili madogo ya kijani, yametazamana kama pembe za mbuzi. Humo ndimo mbegu zinamokaa. Yakikomaa hugeuka rangi ya udongo, hupasuka ghafla, na mbegu zenye manyoya hupeperushwa zote kwa dakika moja. Kwa hiyo aliyazungushia uzi wa kushonea viatu, ule wa kiwandani, ili yatakapopasuka yasimwage kitu. Yakichumwa kabla ya hapo, mbegu zake hazioti.

Mwezi Oktoba wapangaji wote tulipewa taarifa kwamba kiwanja kimeuzwa na nyumba itabomolewa. Tunatakiwa tuwe tumetoka ifikapo tarehe 31 Desemba. Victoria alisihi tena baba yake aondoke. Akajibu kwamba mapembe hayajafika.

Kidonda chake kilifunguka upya mapema Novemba, na sumu ikaingia kwenye damu. Madaktari walitaka kukata juu ya goti. Alikubali, akarudia maneno yake yaleyale, lakini mwili haukuwa na nguvu ya kuingia chumba cha upasuaji. Wiki hiyohiyo nililibonyeza shina la waridi kwa kidole, kama nilivyomwona akifanya, na chini palikuwa laini. Sikumwambia. Nadhani alijua.

Jumapili tarehe 1 Desemba, akiwa kitandani hospitalini, aliniuliza, "Mapembe yana rangi gani?"

Nilitamani kumdanganya. Nikasema, "Kijani, Mjomba."

"Basi bado. Msifungue uzi."

Alifariki kesho yake, Jumatatu tarehe 2 Desemba 2024, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Marehemu ameacha binti mmoja, Victoria, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, Allan, mwenye miaka mitatu, dada mmoja ambaye ni mama yangu, wapwa watano, na viatu tisa vilivyo hai. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jumuiya ndogondogo, wafanyabiashara wenzake wa Mchikichini waliofunga meza zao leo, na majirani wa Mtaa wa Mahiwa, ambao mwezi ujao watakuwa wametawanyika na hawatakuwa tena majirani wa mtu.

Wengine mmeuliza mbona Mama Mwanne hayupo hapa, naye alikuwa kama ndugu. Yupo barazani. Amekaa na kile kiatu cha kahawia, kwa sababu alisema jua la leo lisipotee, na kwamba Baba Vicky angemgombeza kama angekiacha peke yake kwa ajili ya kuja kusimama kaburini.

Jana Anuari alikuja kulitazama waridi. Kuoza kumefika pale matawi mawili yanapoachana. Mapembe yanahitaji siku kumi, pengine kumi na mbili. Nilimwuliza kama yatawahi. Akafuta mikono yake, akasema, "Dada, mimi siwezi kukuahidi kitu hapo." Victoria hatarudi Lindi na mumewe kesho. Atabaki chumbani kwa baba yake hadi yapasuke, au hadi watakapokuja kubomoa.

Mungu ampokee Vitalis mtumishi wake, na amlaze salama hapa ubavuni mwa Severa, mahali penye jua kutwa nzima. Nilipoondoka nyumbani leo saa mbili asubuhi mapembe yalikuwa bado ya kijani, na uzi ulikuwa umefungwa. Tunasubiri.